Kwa Nini Sikuitikia Shikamoo Yako

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia grinda, ile mashine ya kukatia chuma, inalia, na leo nitakusimulia kwa sababu umeninunia. Usikatae. Jana asubuhi nilipita mbele ya karakana yako hapa Katandala nikienda dukani kununua chumvi. Ukaniona, ukainua mkono mmoja juu, mkono wa pili umeshika mashine inazunguka, ukasema, "Shikamoo mzee." Mimi nikapita kimya. Jioni nikasikia umemwambia mama yako kwamba yule mzee jirani siku hizi ana maringo, anasalimiwa na watoto wa watu haitikii. Mama yako alikuja kuniuliza, na usoni kwake niliona naye ameudhika.

Una haki ya kununa. Mtu mzima kuiacha shikamoo ya kijana ipite hewani ni jambo baya, na mimi nimezaliwa hapa hapa Ufipani, najua uzito wake. Lakini nilifanya makusudi. Na nikikukuta tena leo umeshika ile mashine, sitaitikia tena. Kaa hapo kwenye kigoda, nikueleze, na usiangalie simu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa kuchomelea vyuma, na nilifanya kazi na mzee aliyenifundisha, Fundi Ponsiano. Karakana yetu ilipakana ukuta na mashine ya kusaga unga, kwa hiyo kutwa nzima tulikuwa ndani ya kelele. Tulitengeneza mageti, tulirekebisha plau, na baada ya mavuno tuliunda mikokoteni ya ng'ombe, hasa kwa Wasukuma wafugaji waliohamia kule Ilemba. Kazi ilikuwepo na jina letu lilikuwa zuri.

Ponsiano alikuwa mtu mpole, isipokuwa akiishika grinda. Hapo alikuwa hamjui mtu. Aje mwenyekiti wa mtaa, aje padri, aje mama yake mzazi na ungo wa maharage kichwani, Ponsiano hakuinua macho. Alimaliza kukata, akazima, akasubiri diski isimame kabisa, akachomoa plagi ukutani, akailaza mashine juu ya meza, akafuta mikono kwa kitambaa, ndipo akageuka na kusema, "Ehe, shikamoo mama." Wakati mwingine mgeni alikuwa ameshachoka kusimama na kuondoka zake. Watu walimsema sana, na mimi niliona aibu kwa niaba yake, kwa sababu nyumbani kwetu nilifundishwa kusalimia kabla sijafundishwa kuvaa viatu.

"Ukiishika hii," alikuwa akiniambia, "huna baba, huna mkwe. Izime kwanza, utawakuta bado wapo."

Nilikuwa najibu, "Ndiyo, fundi." Moyoni nilisema mzee huyu ana maringo tu, kajitafutia kisingizio. Unaona, ni neno lile lile ulilonipa mimi jana.

Wakati huo nilikuwa nimepeleka posa Laela kwa binti anaitwa Skolastika, huyu huyu bibi yako anayekupa magimbi kila ukija hapa. Baba yake alikuwa Mzee Oresto, mkulima, mtu wa adabu mpaka anachosha. Nakwambia Mzee Oresto alikuwa akimsalimia hata mtoto mdogo njiani na kumuuliza hali ya nyumbani, na akasubiri ajibiwe. Posa aliipokea, ila kuhusu siku ya harusi alisema kwanza anataka kuniona nikiwa kazini kwangu. Hakusema atakuja lini. Tangu hapo nikawa kila asubuhi nafagia karakana na kuvaa shati safi, nikimsubiri mtu nisiyejua siku yake.

Nyie vijana wa sasa mmeanza kusahau, kwa hiyo nikukumbushe. Kwa mila ya nyumbani kwetu, baba mkwe hasalimiwi umesimama wima na mkono mmoja hewani. Unachutama. Unaviweka viganja pamoja, unapiga makofi taratibu, na salamu unaitoa ukiwa pale chini. Naye akiwa mtu wa adabu hakuachi uchutame peke yako. Anainama na yeye, anakujibu kwa makofi yake. Mnasalimiana hivyo mpaka habari za ng'ombe na za mvua ziishe.

Sasa ilikuwa Julai. Unaijua baridi ya Julai ya kwetu, na upepo ule unaoshuka asubuhi ukapenya hata koti. Ponsiano alikuwa ameondoka kwenda Ilemba kumrekebishia mteja ekseli ya mkokoteni. Aliniachia fremu ya mkokoteni, ya chuma kinene, niikate na kuisafisha kona zake zote. Kabla ya kuondoka aliniambia nisiharakishe, mteja hana haraka.

Kosa la kwanza nililifanya kabla jua halijapanda. Kinga ya diski, lile bati linalofunika nusu ya gurudumu, ilikuwa inanizuia kufika ndani ya kona. Nikaifungua, nikaitundika kwenye msumari ukutani. Nilijiambia nitairudisha nikimaliza kona ya kwanza. Kona ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, kinga ipo pale pale msumarini.

Kosa la pili lilikuwa la swichi. Mashine yetu ilikuwa ya swichi ya kubonyeza. Ukibonyeza inazunguka, ukiachia inazima, na aliyeitengeneza hivyo hakuwa mjinga. Lakini baridi ilikuwa imenikamata vidole, na kubonyeza muda mrefu kunaumiza. Nikachukua kipande cha mpira wa tairi la ndani la baiskeli, nikaizungushia swichi, nikaikaza. Mashine ikawa inazunguka yenyewe bila kidole changu. Niliona nimefanya akili. Hata nilijiuliza mbona Ponsiano, na uzee wote ule, hajawahi kufikiria jambo jepesi namna hii.

Nikaendelea kukata nimeinama, mgongo wangu mlangoni. Mashine ya unga upande wa pili ilikuwa inasaga na watu walikuwa foleni. Nikaona kivuli kimeingia sakafuni mbele yangu, kivuli cha mtu mwenye koti refu. Nikageuza shingo. Alikuwa Mzee Oresto, amesimama hatua tatu kutoka kwangu, kofia ameivua ameishika kifuani, ananisubiri.

Mwanangu, nilishtuka kama mwizi. Sijui amesimama pale kwa muda gani. Kichwani mwangu lilikuwepo jambo moja tu, kwamba mkwe amesimama na mimi nimempa mgongo. Niliachia swichi kwa kidole, kama mkono wangu ulivyozoea miaka yote, nikamgeukia, nikaiweka grinda chini sakafuni kando ya mguu wangu, nikachutama, nikaanza kupiga makofi. Mpira niliousokota mwenyewe saa mbili nyuma ulikuwa umenitoka akilini. Mlio wa grinda sikuusikia, mashine ya unga iliufunika.

"Shikamoo baba," nikasema.

Na yeye, kwa adabu yake, akaweka kofia kwenye fremu, akainama, akaleta viganja vyake pamoja mbele ya magoti anijibu.

Diski ikagusa saruji. Wewe umeshaiona grinda inavyoruka ikigusa kitu vibaya ukiwa umeishika kwa mikono miwili. Fikiria inaporuka haina aliyeishika, haina kinga, na swichi imefungwa. Ilikwenda mbele moja kwa moja kwa kadiri waya ulivyoiruhusu, na waya uliiruhusu hatua hizo tatu. Ilipita kwenye viganja vile vilivyokuwa vimekuja kuniitikia.

Sitakuelezea yote. Nitakwambia tu kwamba mzee hakupiga kelele. Alikaa chini, akautazama mkono wake wa kulia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Izime basi, mwanangu." Nikachomoa plagi. Nilimfunga mkono kwa lile shati safi. Mwenye mashine ya unga alituchukua kwa pikapu yake mpaka hospitali, na njia nzima mimi nilikuwa nimeushika mkono ule kwa juu kama nilivyoelekezwa, na damu inashuka kwenye kiwiko changu. Daktari alijitahidi. Kidole gumba kilibaki. Vile vinne havikubaki.

Ponsiano alirudi kutoka Ilemba siku ya pili yake. Alikuwa ameshasikia njiani. Aliiokota grinda pale ilipokuwa, akaigeuza, akauona ule mpira. Akaitazama kinga kwenye msumari. Nilitegemea anipige, na nilitamani anipige.

"Nani alikuita?" akaniuliza.

"Hakuna aliyeniita, fundi. Nilisalimia."

Akakaa juu ya kile chuma cha fremu, ule mpira mkononi. Miaka mingi baadaye, nilipozoea kujiuliza mambo, nilielewa kwamba kile alichokaa nacho moyoni ni kwamba alinifundisha kanuni bila kunipa sababu yake. Ndiyo maana mimi nakupa sababu, hata kama inaniuma kuisema.

Harusi ilifungwa. Watu walishangaa, hata mimi nilishangaa. Mzee Oresto alisema neno lake ni lile lile, hawezi kumnyima binti mume kwa ajali. Akakaa meza ya mbele kwenye sherehe, na chakula kilipoletwa akasema tumbo limemkataa. Halikuwa tumbo. Nilijua, na Skolastika alijua, na tulikaa pale tumevalishwa maua tukijua.

Mtu kukosa mkono wa kulia, mwanangu, unafikiri ni kushindwa kazi tu? Fikiria mtu aliyefundisha watoto wake wote kwamba mkono wa kushoto haupokei kitu cha mtu, haugusi ugali, haumpi mkubwa. Sasa yeye kila akipewa kikombe alikipokea kwa kushoto na kusema, "Samahani." Akipewa kiti, samahani. Akinawa, samahani. Kwenye misiba aliacha kula sahani moja na wenzake, akawa anaondoka mapema. Makofi ya salamu alikuwa anapiga kwa kiganja kimoja juu ya goti. Kila nilipoenda Laela nilichutama mbele yake na kupiga makofi yangu ya mikono miwili, na yeye akanijibu kwa mmoja gotini. Sijawahi kusikia sauti iliyonitesa kuliko ile, na niliisikia kwa miaka kumi na minne.

Plau nayo ni ya mikono miwili. Mvua za kwanza zilipoanguka nilifunga karakana nikaenda kumlimia. Nilifanya hivyo kila msimu. Sisemi hili ili unisifu. Ng'ombe wake walimzoea yeye, wakanisumbua, mistari yangu ilipinda, naye alikuwa anasimama pembeni ya shamba na koti lake, anatazama, hanikosoi.

Msimu wa tatu nilichoka kubeba. Tulikuwa tumekaa kwenye tuta, ng'ombe wanapumzika, nikamwambia, "Baba, nilikuwa nakuheshimu wewe siku ile. Mungu anajua. Nilikuwa nakupa heshima yako."

Aliwatazama ng'ombe wake kwanza. Kisha akasema, "Hapana. Heshima ulikuwa unajipa wewe. Ulitaka nione umelelewa vizuri."

Nikainama. Akaendelea, taratibu, bila hasira, na hilo ndilo baya lake.

"Mimi nilitoka hapa na basi la asubuhi. Basi lilichelewa, nikasubiri. Stendi pale Sumbawanga nikapotea njia, nikasimama nikasubiri wa kumuuliza. Mlangoni kwako nimesimama nimekuona unafanya kazi, na nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu akiwa kazini yuko kazini. Ningeshindwaje kusubiri kijigurudumu kisimame? Ningesubiri, mwanangu."

Hayo tu. Akanyanyuka, akawashika ng'ombe kamba kwa mkono wa kushoto.

Amekufa sasa, Mungu amrehemu. Siku ya kumzika nilitaka nishike sepetu mwanzo mpaka mwisho, wakanizuia, wakasema na wengine wanataka. Neno lake lile la kwenye tuta, ningesubiri, ninalo mpaka leo. Ningependa kama angenitukana.

Basi sikiliza jana ulikuwaje, kwa sababu nilipita kimya lakini macho sikuyafumba. Ulikuwa umeishika grinda kwa mkono mmoja ili upate mkono wa kunisalimia. Ule mshikio wa pembeni haukuwekwa kwa urembo, ni wa mkono wako wa pili, na mkono wa pili ukae pale mpaka diski imesimama. Kinga haikuwepo. Na sababu ya kutokuwepo naijua, usinidanganye: ile diski ni ya mashine kubwa, imelika ikapungua, ukaona itaenea kwenye mashine yako ndogo ukitoa kinga. Mashine ndogo inazunguka kwa kasi kuliko ile kubwa, na diski ile haikutengenezwa kuhimili kasi hiyo. Siku itakayopasuka vipande havitakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Itupe. Leo, si kesho.

Miguuni ulikuwa na kandambili. Shati lako lilikuwa wazi linapepea, na miwani ulikuwa umeipandisha kwenye nywele kama mtu anayekwenda kupiga picha. Shusha miwani machoni, funga vifungo, tafuta buti hata za mtumba. Kile chuma ulikuwa umekikanyaga kwa mguu badala ya kukibana kwenye jiliwa. Chuma kikigeuka kidogo tu diski inabanwa, mashine inakurudia, na mguu wako ndio uko karibu. Ukikata simama kidogo pembeni, usikae kwenye mstari wa diski. Cheche zako nazo zilikuwa zinaelekea kwenye dumu la petroli la yule mshikaji wako wa bodaboda. Sijui mlikuwa mnangoja nini nyie wawili.

Swichi usiifunge kamwe. Si kwa mpira, si kwa waya, si kwa gundi. Kidole kikichoka, zima upumzike, ukaote moto, kidole kitarudi. Ukitaka kubadilisha diski, chomoa plagi kwanza, hata kama umeme umekatika, kwa sababu hapa kwetu umeme unarudi bila kubisha hodi. Na ukizima, usiiweke chini papo hapo. Diski inaendelea kuzunguka wakati wewe umeshadhani imekwisha. Ishike, itazame, mpaka uyasome maandishi yaliyoandikwa juu yake. Ukiweza kuyasoma, imesimama.

Halafu ndiyo usalimie. Akija mama yako, mwache asimame. Akija diwani, mwache. Na akija baba mkwe, maana nimesikia nawe una safari za kwenda Laela siku hizi, mwache asubiri. Mtu mwenye heshima atasubiri, na asiyeweza kusubiri gurudumu lisimame hakuja kwa ajili yako. Watu watakusema una maringo. Wacha waseme. Ponsiano walimsema mpaka alipoingia kaburini, na aliingia na vidole vyake kumi, na hakuna mtu hapa mjini aliyeumia mbele ya mashine yake.

Mimi siwezi kukushika mkono kila siku. Ninachoweza ni kuinyima salamu yako jibu kila nikikukuta unaitoa na mashine inazunguka, hata kama utanichukia, hata kama mama yako ataacha kuniletea mboga. Nitapita kimya mpaka uzoee kuizima kwanza.

Mungu akutunzie mikono yote miwili. Ulime kwayo, uwabebe wanao kwayo, ule ugali kwa mkono wa kulia mpaka meno yaishe, na siku wakwe watakapokuja kwako wakukute umechutama na mashine imelala mezani, waya umechomolewa. Na watu watakaokuitikia salamu wakuitikie kwa viganja viwili.

Shikamoo yako ya jana sikuitupa. Nilikwenda nayo dukani, nikarudi nayo, nimelala nayo. Sasa mikono yako iko mitupu na hapa hakuna kinachozunguka. Marahaba, mwanangu.